Namba 4,294,967,297: mwongozo kamili wa kuichambua kwa kalamu na karatasi

Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Ukiitazama kwa haraka ni namba ya kawaida tu yenye tarakimu kumi. Lakini mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyependa hesabu kuliko kesi, aliwaandikia wenzake kwamba anaamini namba hii ni tasa, yaani haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Alikiri kuwa hana uthibitisho. Ilipita karibu karne nzima kabla ya Leonhard Euler, mwaka 1732, kuonyesha kwamba inagawanyika.

Mwongozo huu unakupitisha njia hiyo hiyo mpaka uvipate vigawo vyake kwa mkono wako mwenyewe. Unahitaji kujua kuzidisha na kugawanya kwa baki, basi. Kikokotoo kitakuokolea muda, ingawa si lazima. Ninaipenda namba hii kuliko namba nyingine zote kubwa kwa sababu inaonekana ngumu kwa mbali, lakini ukiifahamu imejengwaje, yenyewe inakuonyesha mahali pa kutafuta.

Hatua ya 1: Ijenge kutoka mwanzo

Usiinakili tu. Anza na 2 na uzidishe kila jibu kwa lenyewe:

2 → 4 → 16 → 256 → 65,536 → 4,294,967,296

Hapo umezidisha mara tano, na namba ya mwisho ni 2³². Ongeza 1 upate namba yetu. Ukiongeza 1 kwenye kila namba ya mnyororo huo unapata familia nzima: 3, 5, 17, 257, 65,537, kisha 4,294,967,297. Hizi huitwa namba za Fermat. Tano za kwanza ni tasa kweli, na ndizo zilizomfanya aamini kwamba zote zitakuwa hivyo.

Hakikisha hukukosea kuzidisha, kwa kutumia kanuni ya tisa. Jumlisha tarakimu za 65,536: unapata 25, na 2 + 5 ni 7. Saba mara saba ni 49, tarakimu zake zinajumlika kuwa 13, kisha 4. Ongeza 1, unapata 5. Sasa jumlisha tarakimu za 4,294,967,297: ni 59, kisha 14, kisha 5. Zimelingana. Kanuni hii haikamati kila kosa, lakini hukamata mengi. Tutaihitaji tena mbele.

Kitu kingine cha kutazama hapa: ukiiandika namba hii kwa mfumo wa tarakimu mbili unaotumiwa na kompyuta, ni 1, sifuri 31, kisha 1. Inasomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia.

Hatua ya 2: Pima ukubwa wa kazi

Njia ya darasani ya kujua kama namba ni tasa ni kuijaribu kwa kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno. Chini ya hapo zipo namba tasa 6,542. Ukigawanya moja baada ya nyingine utachoka kabla hujafika popote, na kosa moja katikati litaharibu kila kitu. Kwa hiyo hatutagawanya ovyo. Tutauliza kwanza: kigawo cha namba hii, kama kipo, lazima kiwe na sura gani?

Hatua ya 3: Waondoe jamaa zake

Zidisha namba tano za kwanza za familia. 3 × 5 = 15. 15 × 17 = 255. 255 × 257 = 65,535. 65,535 × 65,537 = 4,294,967,295. Jibu ni pungufu kwa 2 tu kutoka namba yetu, na si bahati: kila mara unazidisha namba iliyo pungufu kwa moja na ile iliyozidi kwa moja, na (x − 1)(x + 1) daima ni x² − 1.

Matokeo yake ni haya. Kama 3, 5, 17, 257 au 65,537 ingegawanya namba yetu, ingelazimika kugawanya pia tofauti ya namba hizi mbili, ambayo ni 2. Haiwezekani. Umezifuta tano bila kugawanya hata mara moja. Weka alama kwenye 257 hasa, maana itajitokeza tena.

Hatua ya 4: Tafuta sura ya kigawo

Hii ndiyo hatua yenyewe, kwa hiyo usiikimbilie.

Chukua namba tasa yoyote isipokuwa 2, tuiite p, na uandike mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea ukigawanya kwa p. Chukua 17 kwa mfano. Mabaki ni 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, 1, halafu yanaanza upya 2, 4, 8. Mzunguko una hatua 8. Fermat mwenyewe aligundua, katika mwaka huohuo wa 1640, kwamba ukipanda hadi kipeo cha p − 1 lazima baki liwe 1. Kwa hiyo urefu wa mzunguko daima unagawanya p − 1. Hapa 8 inagawanya 16, sawasawa.

Sasa tuseme p inagawanya 2³² + 1. Maana yake 2³² ikigawanywa kwa p inapungukiwa na 1 ili igawike kamili. Kwa lugha ya mabaki, baki lake ni −1. Zidisha −1 kwa −1 na utaona 2⁶⁴ inabakiza 1. Basi urefu wa mzunguko wa 2 unagawanya 64. Vigawo vya 64 ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Lakini ungekuwa 32 au chini yake, mzunguko ungekuwa umesharudi kwenye 1 ulipofika kipeo cha 32, na sisi tunajua pale baki ni −1. Umebaki urefu mmoja tu: 64 kamili. Na kwa kuwa urefu huo unagawanya p − 1, basi p ni lazima iwe na sura ya 64k + 1.

Simama hapa kidogo. Kutoka namba tasa 6,542 umebaki na zile tu zinazozidi kigawe cha 64 kwa moja. Euler alitembea kwa njia hii. Mwaka 1878 Édouard Lucas akaibana zaidi, akaonyesha kwamba 64 inaweza kuwa 128. Sababu yake kwa ufupi: namba tasa inayobakiza 1 ukiigawanya kwa 8 daima ina namba fulani ambayo mraba wake unabakiza 2. Mzunguko wa namba hiyo ni mara mbili ya mzunguko wa 2, yaani 128, na huo nao lazima ugawanye p − 1.

Kinachonishangaza kila nikiirudia hatua hii ni kwamba chombo kinachohitajika ni kanuni ya Fermat mwenyewe. Alikuwa nacho mkononi.

Hatua ya 5: Andika orodha

Kwa sura ya 128k + 1, orodha inaanza hivi:

129, 257, 385, 513, 641

129 ni 3 × 43, si tasa. 257 tumeshaifuta katika hatua ya 3. 385 inaishia na 5. 513 inagawanyika kwa 3. Namba ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 641.

Ukipenda kufuata sura ya 64k + 1, orodha ya namba tasa ni 193, 257, 449, 577 na 641. Hata hivyo ni majaribio manne hadi matano tu.

Hatua ya 6: Jaribu 641 kwa mabaki, si kwa mgawanyo mrefu

Usigawanye ile namba ya tarakimu kumi moja kwa moja. Panda ngazi ya hatua ya 1, ila kila ukipita 641 bakiza baki tu:

- 2⁸ = 256. Bado ni ndogo kuliko 641, iache.
- 2¹⁶ = 65,536. Toa 641 × 102 = 65,382. Baki ni 154.
- 2³²: zidisha 154 × 154 = 23,716. Sasa 641 × 37 = 23,717. Umepungukiwa na moja tu.

Baki la 2³² ni −1, kwa hiyo 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila kubakiza kitu. Imani ya mwaka 1640 imeanguka kwa mistari mitatu.

Ili uone jaribio linaloshindwa linavyoonekana, fanya 193. 65,536 kutoa 193 × 339 kunabakiza 109. Mraba wa 109 ni 11,881, nao kutoa 193 × 61 kunabakiza 108. Ongeza 1, ni 109, si sifuri. 193 haimo.

Sasa gawanya kwa kweli: 4,294,967,297 ÷ 641 = 6,700,417. Kagua kwa kanuni ya tisa. 641 inatoa 11, kisha 2. 6,700,417 inatoa 25, kisha 7. Mbili mara saba ni 14, kisha 5, ileile 5 ya hatua ya 1.

Kuna uthibitisho mwingine wa 641 ambao hauhitaji kugawanya kabisa, na kwangu ni kati ya mambo mazuri zaidi katika nadharia ya namba. Tazama kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kutokana na ya kwanza, 5 × 2⁷ inabakiza −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Kutokana na ya pili, 5⁴ ina baki sawa na la −2⁴. Iweke mahali pake: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², inabakiza 1. Basi 2³² inabakiza −1. Kazi imekwisha.

Hatua ya 7: Je, 6,700,417 ni tasa?

Wengi huishia kwenye 641 na kusahau swali hili. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 kiko kati ya 2,588 na 2,589. Tena, kigawo chochote chake ni kigawo cha namba yetu pia, kwa hiyo kina sura ileile ya 128k + 1. Chini ya 2,588 namba tasa za sura hiyo ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. 257 imeshafutwa. Zimebaki nne, na usiiruke 641, kwa kuwa kigawo kinaweza kujirudia:

- 6,700,417 = 641 × 10,453 + 44
- 6,700,417 = 769 × 8,713 + 120
- 6,700,417 = 1,153 × 5,811 + 334
- 6,700,417 = 1,409 × 4,755 + 622

Hakuna iliyogawanya. Kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na uchambuzi kamili ni 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Hatua ya 8: Njia ya miraba miwili

Hapa namba hii inaonyesha upande wake mwingine. Ni jumla ya miraba miwili, na hilo linaonekana waziwazi: 65,536² + 1². Vigawo vyake navyo ni hivyohivyo: 641 = 25² + 4², na 6,700,417 = 2,556² + 409².

Jumla mbili za miraba zikizidishwa huzaa jumla ya miraba kwa namna mbili. Zidisha kwa mshazari:

- 25 × 2,556 = 63,900 na 4 × 409 = 1,636. Jumla yake ni 65,536, tofauti yake ni 62,264.
- 25 × 409 = 10,225 na 4 × 2,556 = 10,224. Tofauti yake ni 1, jumla yake ni 20,449.

Namna ya kwanza ni ile tuliyoijua. Namna ya pili ni 62,264² + 20,449². Na 20,449 yenyewe ni mraba wa 143.

Hili lina kazi. Euler alithibitisha kwamba namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa namna mbili tofauti. Mtu akikupa namna hizi mbili bila kukutajia 641, unaweza kuvitoa vigawo mwenyewe kwa kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS):

1. Toa namba shufwa kwa shufwa: 65,536 − 62,264 = 3,272.
2. Toa witiri kwa witiri: 20,449 − 1 = 20,448. KKS ya 3,272 na 20,448 ni 8.
3. Sasa jumlisha badala ya kutoa: 127,800 na 20,450. KKS yake ni 50.
4. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25. Na 4² + 25² = 641.

KKS itafute kwa kugawanya mfululizo: 20,448 kwa 3,272 inabakiza 816, 3,272 kwa 816 inabakiza 8, na 8 inagawanya 816. Kwa upande wa pili mabaki ni 5,100 kisha 50. Kigawo cha pili hupatikana kwa 3,272 ÷ 8 = 409 na 20,448 ÷ 8 = 2,556.

Hatua ya 9: Hakiki kwa kompyuta, kwa uangalifu

Mwaka 1877 Théophile Pépin alitoa kipimo cha namba za Fermat, kuanzia 5 na kuendelea: chukua 3, uipandishe kipeo cha nusu ya (namba kutoa 1), utafute baki. Likiwa −1, namba ni tasa; likiwa kingine chochote, si tasa. Kwa namba yetu ni mraba wa 3 uliorudiwa mara 31. Katika Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, andika (alama ** ni ya kipeo):

pow(3, 2**31, 2**32 + 1)

Jibu ni 10324303. Kwa kuwa si 4,294,967,296, namba si tasa. Kipimo hiki hakikupi kigawo. Kinakwambia tu kwamba kipo.

Zingatia mambo mawili. La kwanza, usifanye kazi hii kwenye programu ya majedwali. Mabaki yana hadi tarakimu kumi, miraba yake hufika tarakimu ishirini, na programu hizo hushika tarakimu 15 tu. Zinazobaki hugeuzwa kuwa sifuri na baki linakuwa la uongo bila onyo lolote. Vivyo hivyo lugha zenye namba za biti 32: kubwa kuliko zote isiyo na alama ya hasi ni 4,294,967,295, kwa hiyo namba yetu ikiingizwa humo hugeuka kuwa 1.

La pili, ukipima kwa kanuni ya Fermat ya hatua ya 4, yaani kwa kipeo cha namba kutoa 1 ambapo namba tasa lazima ibakize 1, usitumie 2 mahali pa 3. Tumeona 2⁶⁴ inabakiza 1. Kipeo cha namba yetu kutoa 1 ni 2³², nacho kinagawanyika kwa 64, kwa hiyo 2 itabakiza 1 na namba itajionyesha kama tasa. Kwa kipeo hichohicho, 3 inabakiza 3,029,026,160 na kuifichua papo hapo.

Ukitaka kwenda mbele

Jirani yake, 4,294,967,295, ana sifa yake. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Mwaka 1837 Pierre Wantzel akakamilisha upande wa pili wa uthibitisho: idadi ya pande ikiwa witiri, lazima iwe namba tasa ya Fermat au zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Hadi leo zinajulikana tano tu, zilezile 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zao lake lote ni 4,294,967,295. Hiyo ndiyo idadi kubwa kabisa ya pande, kati ya witiri, inayojulikana kuchorwa hivyo. Kama namba yetu ingekuwa tasa, nayo ingeingia kwenye orodha.

Namba inayofuata katika familia ni 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Fortuné Landry aliichambua mwaka 1880 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Njia ni ileile ya hatua ya 4, ila sura ya vigawo inakuwa 256k + 1. Kwenye orodha yako 257 na 65,537 zitatokea, nazo zifute kwa kanuni ya hatua ya 3. Kigawo kidogo ni 274,177, ambacho ni 256 × 1,071 + 1. Ukitaka kukihakiki kwa mkono, panda ngazi hadi 2⁶⁴ ukibakiza baki kila hatua; hakuna mraba utakaozidi tarakimu 11, kwa hiyo kikokotoo cha kawaida cha tarakimu 12 kinatosha.